Mama Kevina na Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko: Historia Fupi

Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko lilianzishwa Nkokonjeru, Uganda, mwaka 1923, likiwa na wasichana wanane. Leo masista wake wanahudumu Uganda, Kenya na Tanzania. Mwanzilishi wake ni Mama Mary Kevin Kearney, ambaye Afrika Mashariki inamjua zaidi kwa jina la Mama Kevina. Alikuwa mzaliwa wa Ireland, akaja akiwa na umri wa miaka 27, akaishi na kufanya kazi hapa zaidi ya nusu karne, na kaburi lake liko hukohuko Nkokonjeru. Hospitali ya Nsambya, makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Nyenga na Buluba, shule ya Namagunga na shirika lenyewe vyote vilipitia mikononi mwake, kwa hiyo historia ya taasisi hizi huanza na historia ya mwanamke huyu.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow katika wilaya ya Wicklow, akapewa jina la Teresa. Baba yake, Michael Kearney, alikuwa mkulima. Alifariki kwa ajali miezi mitatu kabla binti yake hajazaliwa. Teresa alipofikisha miaka 10 mama yake naye akafariki. Akalelewa na bibi mzaa mama, mwanamke mcha Mungu ambaye walioandika maisha ya Mama Kevina wanamtaja kuwa ndiye aliyemjengea imani. Bibi naye akaaga dunia mjukuu wake akiwa na miaka 17. Mtu anayesoma baadaye jinsi Mama Kevina alivyowakusanya yatima na wajane hana haja ya kuuliza huruma hiyo ilitoka wapi.

Mwaka 1889 alikwenda kwa Masista wa Huruma huko Rathdrum kujifunza ualimu msaidizi. Ada ya chuo kamili cha ualimu haikupatikana, hivyo akaanza kufundisha, baadaye akavuka kwenda Uingereza kufundisha Essex. Mwaka 1895 aliingia utawani kwa Masista Wafransisko wa St. Mary's Abbey, Mill Hill, kaskazini mwa London. Tarehe 21 Aprili 1898 aliweka nadhiri na kuitwa Sista Mary Kevin wa Mateso Matakatifu, kwa heshima ya Mtakatifu Kevin, abati wa kale wa Wicklow, nyumbani kwao. Kauli aliyojichagulia ilikuwa fupi: kwa ajili yako, Bwana. Watawa wa nyumba hiyo walikuwa na wenzao Marekani tangu 1881, mjini Baltimore, wakiwahudumia watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka michache nyuma. Huko ndiko Sista Kevin alikoomba apelekwe. Alisubiri, na jibu lililokuja halikuwa la Marekani.

Uganda ya wakati huo ilikuwa imetoka kwenye vita vya dini. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na siku hizo Mkatoliki aliitwa Mfaransa na Mprotestanti aliitwa Mwingereza, kufuatana na wamisionari waliowaletea imani. Ili kuvunja fikra kwamba Ukatoliki ni mali ya Wafaransa, Roma iliunda Vikarieti ya Nile ya Juu mwaka 1894 na kuikabidhi kwa Wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kiingereza lililoanzishwa na Herbert Vaughan mwaka 1866. Askofu Henry Hanlon na mapadre wake walifika Kampala mwaka 1895 na Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Baada ya miaka michache Askofu Hanlon alitambua kwamba mapadre peke yao hawawezi kuwafikia wanawake na watoto wachanga, akaomba masista kwa jirani zake wa Mill Hill.

Sita wakajitoa. Watatu walikuwa Wairishi, na wengine watatu Mmarekani, Mwingereza na Mskoti. Wote sita waliongozwa na Mama Paul. Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901 tu, na kwa sababu hiyo safari ambayo miaka michache kabla ilikuwa ya miezi mingi kwa miguu kutoka pwani iliwachukua wiki sita. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya. Hiyo ndiyo siku ambayo familia yote ya kitawa ya Mama Kevina huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa familia hiyo, na kwa haki.

Zahanati ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Sista Kevin hakuwa daktari, wala hakuwahi kuwa. Alikuwa mwalimu aliyejifunza uuguzi kwa kuufanya. Chini ya mwembe huo alisafisha vidonda, alitoa kwinini kwa wenye homa, aliosha macho ya watoto. Ndui ilikuwapo, malaria ilikuwapo mwaka mzima, na ng'ambo ya vilima, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria na visiwani, malale yalikuwa yakimaliza vijiji. Ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o ulizuka mwanzoni kabisa mwa karne na kuua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 Busoga na Buganda kabla serikali haijawahamisha watu kutoka ufukweni. Lakini kilichomgusa zaidi sista huyu, na ambacho kingeongoza kazi yake kwa miaka 30 iliyofuata, kilikuwa vifo vya akina mama wakati wa kujifungua na vya watoto wao. Mama alifika zahanati akiwa na uchungu wa siku mbili au tatu, na aliyempokea alikuwa mtawa ambaye sheria za Kanisa zilimkataza kazi ya ukunga.

Wakati huohuo masista walifungua masomo ya wasichana: katekisimu, kusoma na kuandika, kushona, usafi wa nyumba. Wanafunzi wakawa wengi kuliko walimu. Mwaka 1906 kituo cha pili kilifunguliwa Nagalama, yapata kilomita 37 kutoka Nsambya, kikiwa na huduma ya wagonjwa na shule kama cha kwanza. Mwaka 1910 Mama Paul aliugua na kurudi Marekani, na Sista Kevin akawa mkuu wa jumuiya akiwa na miaka 35. Kuanzia hapo anaitwa Mama. Mwaka 1913 walifungua nyumba ya tatu Kamuli, Busoga, baada ya masista wengine watatu kuwasili. Mpango ukawa uleule kila mahali, na haukubadilika hadi mwisho wa maisha yake: pasiwe na nyumba ya masista isiyo na shule, wala shule isiyo na mahali pa kutibia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, Nsambya ikageuka hospitali ya wapagazi. Wasomaji wa Morogoro wana sababu ya kuisoma sehemu hii polepole, kwa maana sehemu mbaya ya mateso ya wapagazi ilitokea kwenye milima yao. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa wameshaondoka, wakirudi kusini kwa kuizunguka milima ya Uluguru, na Septemba wakapambana na waliowafuata huko Kisaki na Dutumi. Kisha pande zote mbili zikakwama kwenye mto Mgeta hadi Januari 1917. Farasi na ng'ombe wa kukokota magari walikufa kwa mbung'o, magari yalizama kwenye matope, na kila gunia la chakula na kila sanduku la risasi lililofika mstari wa mbele lilifika kichwani mwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hivi, mbali na blanketi na chakula cha mbebaji. Njia zilikuwa za mlima, mvua ilinyesha, na wapagazi wengi hawakuwa na viatu wala koti.

Waliotoka Uganda walikuwa wamezoea ndizi. Jeshi liliwapa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva kwa kukosa muda na kuni kavu, na kuhara damu kukawamaliza pamoja na malaria na nimonia. Kwa hesabu rasmi ya Waingereza pekee walikufa wapagazi zaidi ya 40,000 katika vita vya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi, pengine maradufu. Jeshi hilo la wapagazi ndilo lililoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, mahali ambapo watu hununua na kuuza kila siku bila kuwakumbuka.

Waliobahatika kurudishwa Uganda wakiwa hai, wengine walilazwa Nsambya. Mama Kevina aliwapokea wanaume waliokonda hadi mifupa kuonekana, na waliosimulia habari zake wanakubaliana kwamba hali yao ilimkasirisha. Watu hawa hawakuwa askari. Hawakuwa na bunduki, wala vita havikuwa vyao. Aliwauguza kama alivyowauguza wagonjwa chini ya mwembe, yeye na masista wake wakilala kwa zamu. Mwishoni mwa 1918 serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE kwa kazi hiyo. Nishani ni jambo jema na familia yake inaienzi. Hata hivyo kipimo cha haki zaidi cha miaka hiyo ni wale waliotoka Nsambya kwa miguu yao wenyewe na kurudi mashambani kwao, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Vita vilipokwisha, Mama Kevina alirudi kwenye lile lililokuwa likimsumbua tangu 1903. Watawa wa Kikatoliki hawakuruhusiwa kufanya kazi ya ukunga wala upasuaji unaohusu uzazi. Sheria hiyo ilitungwa Ulaya, mahali ambapo wakunga walei walikuwapo kila mtaa. Nchini Uganda, ambako mtawa mara nyingi alikuwa mtu pekee mwenye ujuzi wa tiba katika eneo zima, sheria hiyohiyo ilikuwa na maana kwamba mama mjamzito angeweza kutibiwa homa yake lakini si kusaidiwa kujifungua. Mama Kevina hakuivunja. Alitafuta mlango ulio wazi: kama mtawa haruhusiwi, mlei anaruhusiwa. Mwaka 1919 Dkt. Evelyn Connolly, daktari mmisionari mlei, alifika Nsambya, na kwa mara ya kwanza hospitali ikawa na daktari mwanamke wa kuhudumia wazazi. Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1921 walifungua Nsambya shule ya wauguzi na wakunga Wakatoliki, ili wasichana wa Kiganda na wa makabila mengine wafanye wenyewe kile ambacho masista wa kizungu walikatazwa. Waprotestanti walikuwa wametangulia upande wa Mengo, ambako Dkt. Albert Cook na mkewe Katharine walikuwa wakifundisha wakunga. Hospitali hizo mbili zinazotazamana kutoka vilima viwili vya Kampala zilishindana kwa wema, na walionufaika ni akina mama wa Buganda.

Jambo lenyewe la sheria halikuachwa. Mama Kevina alikuwa miongoni mwa waliosukuma suala hilo Roma kwa miaka, sambamba na madaktari wanawake Wakatoliki kama Anna Dengel wa Austria, aliyeanzisha shirika la masista wa tiba mwaka 1925. Tarehe 11 Februari 1936 idara ya Vatikani inayosimamia uinjilishaji ilitoa waraka wa Constans ac Sedula, ambao uliwaruhusu watawa wanawake wa nchi za misheni kusomea udaktari na ukunga na kuufanya. Ilikuwa imepita miaka 33 tangu Mama Kevina afike Nsambya. Wamisionari wengine wangekata tamaa mapema, au wangefunga macho na kuivunja sheria kimyakimya. Yeye alitii, akaomba, akafundisha wakunga walei wakati akisubiri, na alipofunguliwa mlango alikuta kizazi kizima cha wanafunzi wake kimeshaingia.

Katikati ya miaka hiyo ya kusubiri ndipo alipofanya kazi anayokumbukwa nayo kuliko zote. Wasichana waliosoma Nsambya, Nagalama na Kamuli walikuwa wameanza kumwomba wawe watawa. Mfano ulikuwapo karibu: Wanabikira wa Bwanda, waliolelewa na Masista Weupe tangu 1910, ndio shirika la kwanza la masista Waafrika nchini Uganda. Mwaka 1923, wakati wa Askofu John Biermans, Mama Kevina aliwakusanya wasichana wanane Nkokonjeru na kuanza nao shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Wakati huo wapo walioamini kwamba msichana wa Kiafrika angeweza kuwa msaidizi mzuri wa mtawa, lakini si mtawa kamili mwenye nadhiri za kudumu na wakuu wake mwenyewe. Mama Kevina hakuwajibu kwa hoja. Aliwapa wasichana wake unovisi, akawapa masomo, akawapeleka kufundisha na kuuguza.

Ugumu mwingine ulitoka nyumbani kwa wasichana wenyewe, na haukuwa mdogo. Katika Buganda, binti anayeolewa huleta mahari na uhusiano kati ya koo mbili. Binti anayeingia utawani haleti mahari, na wazazi wanabaki kuulizwa na ndugu kwa nini wamekubali. Watu wa Uluguru wanaweza kulielewa jambo hili kutoka upande mwingine. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, hivyo watoto wa binti ndio wanaouendeleza ukoo. Binti akiweka nadhiri ya useja, tawi moja la ukoo linafika mwisho wake. Kwa hiyo Shirika la Masista wa Moyo Safi wa Maria lilipoanzishwa Mgolole, chini ya milima ya Uluguru, katika miaka ya 1930, familia za huko nazo zilitoa sadaka ambayo haionekani kwenye kumbukumbu za ujenzi wala za fedha. Shirika la Mgolole si tawi la kazi ya Mama Kevina. Lilikua katika eneo la Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kupanda Uluguru baadaye. Lakini mashirika hayo mawili ni ndugu kwa maana moja: yote yalizaliwa pale wamisionari wageni walipokubali kwamba kazi yao itadumu tu kama itachukuliwa na mabinti wa nchi. Mama Kevina alilikubali hilo mapema na kwa moyo wote, na hapa ndipo ukubwa wake ulipo.

Masista wa kwanza wa Nkokonjeru waliishi kwa kulima. Walilima chakula chao, walishona mavazi yao, na waliotoka unovisi walipelekwa wawiliwawili au zaidi kwenye shule za vijijini. Mtaala wao ulikuwa sala, Kiingereza, hesabu, malezi ya watoto na uuguzi. Walikaa kwa watu waliozungumza lugha yao, wakala chakula chao, na mama mjamzito aliyeogopa kupanda kilima hadi kwa wazungu hakuogopa kubisha hodi kwa sista aliyezaliwa kijiji cha pili. Kwa njia hiyo huduma ilifika mahali ambapo masista sita wa 1903 wasingefika hata wangekuwa 60. Ili kupata pia wamisionari wa kutosha kutoka Ulaya, Mama Kevina alifungua nyumba ya unovisi Holme Hall, Yorkshire, mwishoni mwa miaka ya 1920, mahsusi kwa wasichana waliotaka kwenda Afrika.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya wagonjwa wa ukoma. Ugonjwa huo haukuwa na dawa ya uhakika. Mafuta ya chaulmoogra yalidungwa kwa maumivu makali na mafanikio haba, na mgonjwa aliyegunduliwa alifukuzwa kwao. Mama Kevina alifungua makazi ya Nyenga mwaka 1932 na ya Buluba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria upande wa Busoga, mwaka 1934. Hayakuwa magereza ya kuwaficha watu. Kulikuwa na nyumba, mashamba, kanisa na shule, na wagonjwa waliokuwa na nguvu walijitegemea kwa kilimo. Buluba baadaye ilipata sifa duniani kwa kazi ya Dkt. Wanda Błeńska wa Poland, aliyefika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati dawa za salfoni zilikuwa zimeanza kuponya kweli, akakaa huko zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1942, katikati ya vita vingine, ilifunguliwa shule ya sekondari ya wasichana ya Mount St. Mary's, Namagunga. Shule za sekondari kwa wasichana wa Kiafrika zilikuwa za kuhesabika vidoleni katika Afrika Mashariki yote. Namagunga ilitoa walimu, madaktari na wanasheria. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Specioza Kazibwe, daktari wa upasuaji aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Uganda.

Kazi ilipopanuka, nyumba mama ya Mill Hill, ambayo ilikuwa na majukumu yake Uingereza na Marekani, haikuweza tena kuibeba Afrika kama ilivyohitaji. Mazungumzo yalikuwa marefu, na pande zote mbili ziliumia kuachana. Mwaka 1952, kwa idhini ya Roma, masista waliokuwa Afrika wakawa shirika linalojitegemea, Masista Wamisionari Wafransisko kwa Afrika, wakiwa na makao makuu Mount Oliver, Dundalk, nchini Ireland. Mama Kevina, akiwa na miaka 77, alichaguliwa kuwa mama mkuu wa kwanza. Masista Wadogo wa Nkokonjeru waliendelea kuwa shirika la Kiafrika lenye uongozi wake.

Alistaafu mwaka 1955. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya pili, CBE. Kwa mtu wa miaka 80 kustaafu kungekuwa kupumzika, lakini alipelekwa Brighton, Boston, Marekani, kuongoza nyumba ya masista na kutafuta fedha za misheni. Yule aliyeomba kupelekwa Marekani akiwa kijana alifika huko mzee kabisa, na aliyoyaomba huko aliyaombea Afrika. Alizunguka akihutubia parokia na mashule, akisimulia habari za Buluba na Nsambya, na michango ikavuka bahari. Tarehe 17 Oktoba 1957 alifariki usingizini, akiwa na umri wa miaka 82.

Mwili wake ulipelekwa Ireland na kuzikwa Mount Oliver. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Waliomba arudishwe nyumbani, na kwao nyumbani kwa Mama Kevina kulikuwa Uganda. Maombi yao yalikubaliwa. Alizikwa Nkokonjeru tarehe 3 Desemba 1957, miaka 55 kamili tangu siku aliyoondoka London, katikati ya Masista Wadogo aliowalea.

Miongo iliyofuata inatosha kutajwa kwa ufupi. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na uongozi wa shule na hospitali ukaanza kupita kwa Waganda. Miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa kila mtu nchini humo. Dawa zilikosekana, wataalamu wengi waliondoka, lakini Nsambya haikufunga milango, na masista walibaki. UKIMWI ulipoenea, Sista Dkt. Miriam Duggan, Mwirishi wa shirika la Mama Kevina, pamoja na wenzake walianzisha Nsambya mwaka 1987 huduma ya kuwafuata wagonjwa majumbani, mojawapo ya mipango ya kwanza ya aina hiyo Afrika, na baadaye kazi ya vijana iliyojulikana kwa jina la Youth Alive. Masista Wamisionari Wafransisko walifungua kazi Kenya, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Masista Wadogo walienea Kenya na Tanzania.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Nsambya sasa ni mali ya Jimbo Kuu la Kampala na ni miongoni mwa hospitali kubwa za mashirika ya dini nchini Uganda. Shule ya uuguzi na ukunga iliyoanza 1921 inaendelea. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kina shule ya uzamili ya udaktari hapohapo Nsambya iliyopewa jina la Mama Kevina, na madaktari wanaobobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi ni sehemu ya wanafunzi wake. Namagunga bado ni shule ya sekondari ya wasichana, na Buluba ni hospitali ya jamii inayohudumia magonjwa yote. Mwaka 2016, katika Jimbo la Lugazi ambamo Nkokonjeru imo, ulifunguliwa rasmi mchakato wa kumtangaza Mama Kevina mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko waliadhimisha miaka 100 ya shirika lao mwaka 2023.